Waziri Aliyekosa Mgongo

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe mgongo wako akalie, na jembe mpe mwenye nyumba akajichimbie pengine pa kuishi. Ndivyo methali ilivyosomeka katika ile nchi ya kisiwa. Iliandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango wa uwanja wa ndege, ili mgeni aisome akiingia na mwenyeji aisome akifukuzwa. Wazee wachache walikumbuka kwamba zamani jembe alipewa mgeni. Wakaambiwa kumbukumbu zao zimechakaa, na kwamba serikali ilikuwa mbioni kuwatengenezea nyingine.

Jina la nchi halitajwi hapa, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na kulitaja kwa kibali ni aibu. Inatosha kujua kwamba kilikuwa kisiwa chenye mlima mmoja, na mlima huo ulikuwa na moto tumboni. Nchi nyingine zina mafuta, nyingine zina dhahabu, nyingine zina akili. Kisiwa hiki kilikuwa na volkano, basi kikawaita watalii waje kuitazama, kama mtu anayewakaribisha majirani chai na vitumbua ili waone nyumba yake inavyoungua.

Tangu enzi za mababu mlima uliitwa Mkali. Bunge likakaa, likaubatiza upya, ukawa Mlima Mpole. Mbunge mmoja akauliza kama mlima wenyewe umearifiwa. Akatolewa nje kwa kukosa nidhamu. Kisha ikapitishwa sheria kwamba moto wa mlima umezimika. Hakuna aliyepinga, isipokuwa mlima, uliotoa moshi mzito alasiri ileile. Gazeti la serikali likaeleza kuwa moshi ule ulikuwa ukungu wenye uzalendo.

Wageni wakaja. Na aliyewatembeza vizuri kuliko wote alikuwa msichana wa kijiji cha Vukeni, chini kabisa ya mlima, jina lake Mwanakombo. Alikuwa na diploma ya utalii, mabega mapana, na ulimi ambao mama yake aliuita wembe usio na ala. Wizara ilimpa maneno matamu ya kusema mbele ya kila kivutio, na yeye aliyasema. Ila mgeni akiuliza swali la ziada, jibu lilitoka kwa Mwanakombo mwenyewe.

"Mabibi na mabwana, kushoto kwenu ni Bwawa la Manukato ya Taifa."

Bwawa lilinuka mayai viza. Mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu akaziba pua.

"Mbona linanuka hivi?"

"Linalonuka silo bwawa, bwana. Ofisi za Wizara ziko nyuma ya ukuta ule. Upepo ukigeuka utalisikia bwawa lenyewe, lina nafuu."

Wageni walicheka, wakidhani ni sehemu ya matembezi. Wakapelekwa Ufukwe Mweusi, ambako mchanga ni mweusi kwa sababu mlima uliutapika, na ambako bango kubwa lilisema wenyeji wasikanyage, nyayo zao zinaharibu picha.

"Sasa wenyeji wenyewe wanaogelea wapi?" akauliza bibi mmoja kwa huruma.

"Katika ahadi, bibi. Zimetufika shingoni."

Kutoka hapo walipandishwa hadi Kibaraza cha Kreta, sakafu ya kioo iliyojengwa kwenye mdomo wa mlima, ili mtu asimame juu ya moto na kujipiga picha. Pembeni palikuwa na kibao: MOTO HUU NI WA MAPAMBO. Na mwisho waliteremshwa Vukeni, kuona chemchemi ya maji moto iitwayo Jiko la Wote. Humo wanawake walishusha makapu ya ndizi, majimbi na samaki waliofungwa kwenye majani, yakaiva bila kuni wala mkaa, na kijiji kizima kikala kutoka katika chungu kimoja. Wizara ilikuwa imezungushia uzio chungu hicho.

Lakini kitu kilichowatoa wageni machozi hakikuwa bwawa, wala mchanga, wala kreta. Ilikuwa desturi ya watu wa Vukeni.

*

Watu wa Vukeni walikuwa wameishi na moto kichwani vizazi na vizazi, na moto ulikuwa umewafundisha jambo moja: anayerudi ndani kumtafuta mtu wake hatoki. Mama humrudia mwana, mwana humrudia baba, wakaungua wote wakitafutana. Basi wakapatana hivi. Kila mwenye nguvu alipewa mtu mmoja asiye wa nyumba yake, awe mzee, mtoto au mgonjwa wa jirani. Huyo ndiye mbebwa wake. Chemchemi ikikauka ni ishara ya mlima kukasirika. Baragumu hulia. Kila mbebaji humwendea mbebwa wake, humpandisha mgongoni na kukimbilia pwani, wala haingii nyumbani kwake mwenyewe, maana anajua kuna jirani anayewabeba walio wake.

Si kwamba walikuwa malaika. Waligombea mipaka, waligombea kuku, waligombea waume. Lakini hakukuwa na tusi zito pale kijijini kuliko kumwambia mtu, "Wewe utamwacha mbebwa wako."

Mbebwa wa Mwanakombo alikuwa Bi Tumu wa nyumba ya pili, kizee asiyeona, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. Na mama yake Mwanakombo, aliyepooza mguu mmoja, alikuwa mbebwa wa Ameri mchoma mihogo. Ameri na Mwanakombo walikuwa hawasalimiani, tangu siku Mwanakombo aliposema mbele za watu kwamba mihogo ya Ameri ina ladha ya kandambili.

Desturi hiyo ikagunduliwa. Watu wa Vukeni walikuwa nayo siku zote, lakini jambo la wenyeji huwa halijagunduliwa mpaka Waziri aligundue. Aliyeligundua hili alikuwa Mheshimiwa Kheri Mnofu, Waziri wa Mandhari, Furaha na Majanga Yasiyokuwepo. Aliwaona wakifanya mazoezi, akasema ameguswa. Na Mheshimiwa akishaguswa na kitu, kitu hicho hubadili mwenyewe.

Akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Nimezunguka dunia nzima, sijaona ubinafsi kama huu! Mnabebana wenyewe kwa wenyewe! Na mgeni je? Mgeni katoka kwao, kapanda ndege, kachoka, kavimba miguu. Yeye atabebwa na nani? Serikali yenu sikivu imeamua. Kuanzia sasa, kila Jumamosi saa kumi jioni baragumu litalia, na kila mbebaji wa Vukeni atambeba mgeni wake kutoka Kibaraza cha Kreta hadi Ufukwe Mweusi. Huo ndio utamaduni! Na utamaduni usio na ratiba ni ushamba!"

Makofi yakapigwa na wale waliokuja naye kwenye gari.

Ameri akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, na mlima ukilipuka kweli?"

"Mlima ulizimwa kwa sheria, bwana wewe. Au unataka kusema Bunge limesema uongo?"

"Bunge sina neno nalo, Mheshimiwa. Mimi nauzungumzia mlima. Haukuwepo kwenye kikao."

Ameri akalazwa mahabusu mpaka alipokubali kwamba mlima ulikuwepo kwenye kikao.

Wabebwa wakagawanywa upya. Vijana wakapewa wageni wembamba, wenye nguvu wakapewa wageni wanene, na Mheshimiwa mwenyewe, kwa siku zote za sherehe za kitaifa, akajichagulia mgongo wa Mwanakombo. Mwanakombo alipouliza kwa nini yeye, akajibiwa na Bwana Zidikheri, Mkurugenzi wa Furaha, mtu mwembamba aliyevaa suti nyeusi kwenye joto lile kama anayezika kitu.

"Ni usawa wa jinsia, dada. Zamani Mawaziri walibebwa na wanaume tu."

Baragumu nalo likawekwa kwenye kabati la kioo, likafungwa kwa ufunguo. Kila Jumamosi lililia, na kila Jumamosi wageni walipiga mayowe ya furaha wakiwa wamebebwa migongoni, na wazee wa Vukeni walibaki vibarazani pao wakiwasikia watu wao wakipita mbio na mizigo mingine. Muda ukapita. Sauti iliyokuwa ikiwasimamisha watu nywele ikawa saa ya ukutani. Wanawake wakaitumia kujua wakati wa kuanua nguo. Watoto wachanga walilala nayo.

*

"Umefika, punda wa serikali?" Bi Tumu alimpokea Mwanakombo jioni moja ya Jumamosi, kabla hata hajabisha hodi.

"Nimefika, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Leo kakupanda nani?"

"Mwanamume mmoja mwenye kamera kifuani kama mganga mwenye hirizi. Kaniambia nirukeruke, eti anataka picha itikisike."

"Ukaruka?"

"Nikamwangusha topeni."

"Ahaa! Hapo umefanya la maana." Kizee alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Sasa niambie. Mimi ni mbebwa wa nani?"

"Wangu."

"Hata Wizara ikisema nini?"

"Hata ikisema kwa mhuri."

"Apa."

"Bibi, nimeshaapa mara ngapi?"

"Apa tena. Wenzangu wenye macho huona mtu anakuja. Mimi mpaka nisikie."

Mwanakombo akaapa. Ukutani pale mlangoni bado ilining'inia ile kanga ya kale, nyekundu, ambayo Bi Tumu aliitunza kwa ajili ya siku ya kubebwa. Ilikuwa imekunjwa vizuri, na ilinukia udi.

*

Jumanne moja Jiko la Wote likakauka.

Wanawake walifika asubuhi na makapu yao, wakakuta tope limepasukapasuka kama kisigino. Walitazamana tu, wakatua makapu. Mwanakombo hakungoja zaidi. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Zidikheri na kumkuta akipuliza mabaluni.

"Chemchemi imekauka. Fungua kabati, baragumu lilie."

"Leo Jumanne, dada."

"Mlima haujui kwamba leo ni Jumanne!"

"Ndiyo maana haukuajiriwa." Bwana Zidikheri akafunga uzi kwenye baluni lake. "Sikiliza. Alhamisi Mheshimiwa anawaleta wajumbe wa Baraza la Visiwa Vinavyopendeza. Wanakuja kututunuku cheo cha Kisiwa Salama Kuliko Vyote Duniani. Sasa wewe unataka wakute chemchemi kavu na kijiji kitupu?"

"Nataka wakute watu hai."

"Watu hai wapo kila mahali. Hicho si kivutio. Halafu hilo la chemchemi lisikutie presha, Wizara imeshalishughulikia."

Na kweli ilikuwa imelishughulikia. Adhuhuri ile majiko yote ya hoteli yakawashwa, masufuria yakachemshwa, na maji ya moto yakabebwa na lori la tangi, lilelile lililozoea kunyonya vyoo vya hoteli hizohizo, yakamiminwa katika Jiko la Wote. Tope likanywa. Wakaleta mengine. Tope likanywa. Kufikia Jumatano walikuwa wakimimina mchana kutwa, na gazeti la serikali likaandika kwamba chemchemi imeboreshwa.

Watu wa Vukeni hawakuwa wajinga. Walifunga virago. Lakini barabarani walikuta kizuizi, na polisi mmoja mwenye filimbi mpya.

"Rudini," aliwaambia. "Nyie ni kivutio. Kivutio hakihami bila kibali."

"Kibali kinatolewa wapi, afande?" akauliza mama yake Mwanakombo, akiwa amekaa juu ya mkokoteni pamoja na godoro.

"Wizarani."

"Wizara inafungua lini?"

"Baada ya sherehe, mama."

*

Alhamisi ikawadia. Wabebaji wote wa Vukeni wakaamriwa kupanda Kibaraza cha Kreta, wakiwa wamevaa sketi za majani ambazo babu zao hawakupata kuzivaa hata katika ndoto za homa. Wazee, wagonjwa na watoto wakaachwa majumbani chini, milango ikiwa wazi, ili wajumbe wakipita waone ukarimu.

Wajumbe walikuwa wameshaonja ndizi za Jiko la Wote. Mmoja wao alisema zina ladha ambayo hajawahi kukutana nayo popote. Alisema kweli.

Mheshimiwa Mnofu akapanda mgongoni kwa Mwanakombo, akajiweka sawa, akapewa kipaza sauti. Alikuwa mzito kama ahadi ya uchaguzi, na alinukia marashi na nyama choma.

"Waheshimiwa wajumbe!" alianza. "Serikali nyingine huzungumza na wananchi kwa mbali. Mimi nazungumza nanyi nikiwa juu ya mwananchi kabisa! Hapa nilipo naisikia mioyo yao inavyodunda!"

Uliokuwa ukidunda ni mlima. Mwanakombo aliusikia kwenye nyayo, kama mtu anayegonga mlango kutoka chini ya sakafu. Kioo cha Kibaraza kikalia, kikachora ufa mmoja mrefu.

"Msishtuke!" alisema Mheshimiwa. "Hiyo ni mizinga ya heshima."

Jiwe likaanguka kutoka angani, jekundu, likatoboa mwavuli wa Bwana Zidikheri na kufuka moshi miguuni pake. Yeye alikuwa amelishika baragumu, maana onyesho lilikuwa karibu kuanza.

"Puliza!" Mwanakombo alimwambia.

"Mheshimiwa hajamaliza hotuba."

Mwanakombo akapiga hatua, Waziri akiwa bado mgongoni na hotuba bado mdomoni, akamnyang'anya baragumu na kulipuliza. Alilipuliza kama lilivyopulizwa zamani, pumzi ndefu isiyokatika, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Na hakuna aliyekimbia.

Wajumbe walishangilia. Wabebaji wa Vukeni, kwa mazoea ya Jumamosi zote zile, wakainama na kutoa migongo. Mjumbe mmoja mwenye miwani ya jua akamrukia Ameri shingoni akimpiga mateke ya mbavu. "Twende! Twende!" Majivu yalianza kuanguka taratibu, na wageni wakayafungulia viganja, wakisema yamepangwa vizuri.

Mwanakombo akawaona wenzake walivyoinama, na akayaona mapaa ya Vukeni chini kule, yakianza kuwa meupe. Akaachia mikono.

Mheshimiwa Waziri wa Mandhari, Furaha na Majanga Yasiyokuwepo akateleza mgongoni mwake polepole, kama uji unavyoteremka kwenye ukuta, akatua makalio chini na kipaza sauti mkononi.

"Watu wa Vukeni!" Mwanakombo alipaza sauti. "Hawa si wabebwa wenu! Wabebwa wenu wako nyumbani!"

Kisha Ameri akajinyoosha, akamtua mjumbe wake kama mtu anayetua gunia la mtu mwingine, akatimua mbio. Wote wakamfuata. Sketi za majani zikabaki zimetapakaa juu ya Kibaraza.

"Mgongo!" alisikika Mheshimiwa nyuma yao, mikono ameinyoosha kama mtoto. "Nileteeni mgongo! Zidikheri! Mgongo!"

Bwana Zidikheri hakusikia. Alikuwa ameshaitangulia suti yake.

*

Mteremko ule Mwanakombo hakuupata kuusahau. Mlima ulipasuka nyuma yake kwa mlio uliomnyang'anya masikio. Mchana ukawa mweusi. Mawe mepesi, yenye moto, yalidondoka kama korosho zinazopukutishwa. Alipofika Vukeni aliuona mlango wa kwao uko wazi, na ndani, katika giza la majivu, akasikia sauti ya mama yake ikiita. Haikumwita yeye. Ilikuwa ikiita, "Ameri! Ameri!"

Na Ameri hakuonekana.

Miguu ya Mwanakombo ikasita. Alimkumbuka Ameri alivyompita sokoni akitazama pembeni. Akayakumbuka maneno yake ya kipumbavu kuhusu kandambili. Hatua chache tu, mama yake angekuwa mgongoni. Lakini hatua hizo chache ndizo zilizowaua mababu zake, mmoja baada ya mwingine. Akajilazimisha. Akaupita mlango wa kwao huku machozi yakimtengenezea mifereji kwenye majivu ya usoni.

Bi Tumu alikuwa amekaa kizingitini, ile kanga nyekundu imeshafungwa kifuani, mikono tayari hewani.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa natua mzigo, bibi."

"Mzito?"

"Mzito. Na mtupu."

"Haya, niweke vizuri. Usinishike kama unga wa msaada."

Walikimbia. Njia nzima ilikuwa migongo na juu ya migongo vichwa vyeupe: mwashi na mtoto wa adui yake, mke na mama wa mke mwenzie. Polisi wa kizuizini aliinua filimbi, akautazama mlima, akaitema filimbi na kuongoza msafara. Ufukweni mlinzi alisimama chini ya lile bango, rungu mkononi, akaanza kusema, "Wenyeji hawaruhusiwi..." Hakumaliza. Alikanyagwa na kijiji kizima, kwa heshima zote.

Mwanakombo alimtua Bi Tumu mchangani, akageuka kuitazama njia. Watu walitoka gizani mmojammoja. Hakumwona. Hakumwona. Ndipo akasikia, kabla ya kuona, sauti anayoijua kuliko zote.

"Polepole basi! Unanitikisa kama mihogo yako kwenye makaa! Na kweli ina ladha ya kandambili, mwanangu alisema haki!"

Ameri akatokea kwenye majivu, nywele zimeungua upande mmoja, mama yake Mwanakombo mgongoni akimchapa begani. Akamtua taratibu. Akamtazama Mwanakombo.

"Paa la jikoni lilikuwa limeanguka na kumzibia njia," alisema. "Nilipitia nyuma."

Mwanakombo akamsogelea. Akamshika mkono, akaubusu.

Hakuna mtu wa Vukeni aliyepotea. Wajumbe nao walifika wote, kwa miguu yao, wakihema na kufurahi. Wa mwisho kabisa akaja Mheshimiwa, kiatu kimoja mguuni, akikimbia kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, na alikimbia vizuri kwelikweli.

*

Siku iliyofuata, huku Vukeni ikiwa imelala chini ya majivu, gazeti la serikali liliandika: MLIMA MPOLE WAWASHANGILIA WAGENI. Baraza la Visiwa Vinavyopendeza likatoa cheo, na juu yake nishani ya Onyesho Bora. Watu wa Vukeni wakapangiwa mahema nyuma ya uwanja wa ndege, na watalii wakaongezewa kivutio kipya: mahema.

Ikaundwa Tume. Watu wepesi wa kuamini wakadhani itachunguza kwa nini kijiji kilizuiwa kuhama. Tume ilichunguza malengelenge ya miguu ya Mheshimiwa. Yalipimwa, yakapigwa picha, yakaoneshwa kwenye televisheni kabla ya taarifa ya habari. Kiatu chake kilichobaki kikawekwa katika lile kabati la kioo, mahali pa baragumu, na wanafunzi wakapelekwa kukitazama. Mheshimiwa mwenyewe alitoa ushahidi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwa ameumia; alikuwa amekula kiapo kwamba miguu yake haitatumika tena kinyume cha hadhi yake.

Mwanakombo akapatikana na kosa la kumtua kiongozi kabla ya wakati. Adhabu zilikuwa mbili, achague. Aombe radhi hadharani, abaki na leseni yake ya kuongoza wageni na kazi yake. Au akatae, asiongoze tena mgeni yeyote wala kusimama mbele ya kipaza sauti maishani mwake. Bwana Zidikheri alimletea karatasi hemani, yenye maneno ya kusema.

"Ni maneno tu, dada," alisema kwa upole. "Wewe si unajua maneno? Sema yaishe."

Mama yake aliitazama ile karatasi. Aliijua kazi ile ndiyo iliyowalisha. Bi Tumu ndiye aliyekohoa kutoka kwenye mkeka wake.

"Mwanakombo. Ukimwomba radhi yule kwa kumtua, utakuwa umeniomba radhi mimi kwa kunibeba. Na mimi radhi hiyo sina ya kukupa."

Siku ikafika. Uwanja wa Furaha ulijaa hadi juu ya kuta. Mbele walikaa wakubwa; nyuma, wakiwa bado na majivu kwenye mikunjo ya nguo, walisimama watu wa Vukeni, Bi Tumu miongoni mwao. Mheshimiwa aliketi jukwaani juu ya kiti cha magurudumu, akauweka uso wake tayari kwa kusamehe. Mwanakombo akapanda, akaikunjua ile karatasi, akaisoma kimya hadi mwisho. Kisha akaikunja tena.

"Nimeandikiwa maneno ya kusema," alianza. "Mwandishi wake hajui lugha. Hata angeijua, maneno yenyewe ni ya uongo, na uongo huwa sirekebishii sarufi."

Bwana Zidikheri alianza kumwashiria fundi mitambo.

"Nilimtua Mheshimiwa. Sikuteleza. Sikuchoka. Sikushikwa na kizunguzungu, kama nilivyoshauriwa niseme. Nilimtua kwa makusudi, kwa sababu ana miguu, na mbebwa wangu hana macho. Mlima ukilia kesho, nitamtua tena. Na nikikuta hayuko mgongoni mwangu, nitamsihi apande kwanza, ili nipate kumtua."

"Omba radhi!" alifoka Mheshimiwa, akasahau kiapo chake na kusimama wima kwa miguu yote miwili.

Uwanja mzima ukaiona miguu ile. Huko nyuma mtu mmoja akaanza kucheka, na sauti yake ilifanana sana na ya mchoma mihogo.

Kipaza sauti kikakatwa. Mwanakombo akakiweka chini. Akaichomoa leseni yake mfukoni, akaibandika kwenye kifua cha Bwana Zidikheri kama mtu anayebandika stempu, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haikupata kuhitaji umeme:

"Kwa Waziri, siombi radhi. Kwa Wizara, siombi radhi. Kwa Bunge lililouzima moto kwa kupiga kura, siombi radhi. Bi Tumu, nyoosha mikono, twende zetu. Siombi radhi."